Kulipia chuo kikuu ukitoka nyumba isiyo na akiba

Barua ya udahili ikifika, macho ya nyumba nzima hukimbilia mstari mmoja: ada ya mwaka. Ada inatisha, lakini angalau inajulikana mapema, ina tarehe yake, na wapo wafadhili wanaolipa ada peke yake. Kinachowatoa wengi chuoni ni gharama ambazo hazikuandikwa kwenye barua, pamoja na pesa halali iliyoahidiwa ikafika baada ya tarehe ya mwisho kupita. Kwa hiyo hesabu ya kushika mkononi ni ya pengo: kitapungua kiasi gani, na kitapungua mwezi gani.

Anza kwa kuandika gharama ya miezi 12, hata kama mwaka wa masomo una miezi tisa au kumi. Likizo ndefu haina mlipaji. Hosteli nyingi hufungwa, pesa ya kujikimu husimama, ila kula hakusimami. Kisha pitia maelekezo ya kujiunga ukurasa kwa ukurasa ukitafuta malipo madogo yaliyo nje ya ada: usajili, kitambulisho, bima ya afya, mitihani, serikali ya wanafunzi, amana ya vifaa. Kila moja peke yake halitishi. Yakijumlishwa, na yote yakidaiwa wiki ileile ya kwanza, yanatosha kumzuia mtu asisajiliwe.

Maelekezo hayo hayatakuambia gharama za kozi yenyewe. Hizo muulize mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu wa kozi hiyohiyo. Wa kozi jirani hatakusaidia. Usanifu majengo hula karatasi, modeli na uchapaji wa michoro kila muhula. Udaktari na uuguzi vina sare, vifaa vya kupimia na nauli za kwenda hospitali za mafunzo. Jiolojia ina safari za nyanjani. Kozi nyingi zina mafunzo kwa vitendo, ambayo mara nyingi hayalipwi na huweza kuwa mbali na chuo, na hapo unajikuta unalipia chumba mahali pawili. Mwaka wa mwisho unaleta utafiti, uchapaji na kujalidi. Kila gharama iandike kwenye mwaka inakoangukia, maana wastani wa miaka minne hauna faida kwa mtu anayedaiwa wiki ijayo.

Kuna swali ambalo wachache huliuliza: ada hii itabaki ileile hadi nimalize, au hupanda? Ada ya 100 inayopanda asilimia 5 kila mwaka inakuwa 105, kisha 110, kisha karibu 116. Miaka minne itakugharimu 431 badala ya 400. Ufadhili uliotajwa kwa kiasi kisichobadilika hautapanda nayo, na tofauti hiyo itakudondokea wewe.

Ukishakuwa na jumla, toa kwanza pesa ambazo hazirudishwi: ruzuku na ufadhili. Kinachobaki ndiyo gharama yako halisi. Kutoka hapo toa kile ambacho nyumbani wanaweza kutoa bila kuuza chombo kinachowalisha, halafu mkopo, halafu kipato cha kazi ndogo. Kilichosalia ni pengo. Mpangilio huu una sababu, kwa kuwa barua za msaada mara nyingi huweka mkopo na ruzuku kwenye jumla moja na kuuita wote "msaada". Tuseme chuo cha kwanza kinagharimu 100 na kinakupa msaada wa 60. Cha pili kinagharimu 70 na kinakupa 20. Kwa haraka, cha kwanza kina nafuu: 40 dhidi ya 50. Ukisoma maandishi madogo ukakuta 25 kati ya zile 60 ni mkopo, gharama halisi ya cha kwanza ni 65, na ndicho ghali. Usilinganishe vyuo viwili kabla hujatenganisha mafungu hayo kwa kalamu.

Masharti ya kila fungu yana uzito sawa na kiasi chake. Tafuta majibu ya maswali haya kwa maandishi: Ni la mwaka mmoja au linaendelea? Linadai wastani gani wa alama, na wastani huo unapimwa kila muhula au mwisho wa mwaka? Ukibadili kozi, linafutika? Ukifeli somo moja, je? Wastani unaodaiwa ukiwa juu ya ule ambao wanafunzi wa kawaida wa kozi hiyo hupata, uhesabu ufadhili huo kuwa wa mwaka mmoja, hata barua ikisema minne. Kuna vyuo vinavyotoa ruzuku nono mwaka wa kwanza kisha hupunguza. Na kuna wafadhili wanaodai uwatumikie miaka kadhaa baada ya kuhitimu. Si vibaya, mradi ujue ukivunja mkataba utarudisha kiasi gani.

Jambo jingine hushtua wengi. Unapata ufadhili wa nje, unafurahi, kisha chuo kinapunguza msaada wake kwa kiasi kilekile. Kabla ya kutumia wiki nzima kuandika insha ya kuomba ufadhili mdogo, iulize ofisi inayoshughulikia misaada: pesa ya nje ikija, mnapunguza nini kwanza, mkopo au ruzuku? Ikipunguza mkopo, umefaidika. Ikipunguza ruzuku, umefanya kazi ya bure.

Maombi ya waombaji wasio na uwezo huangushwa na karatasi kuliko na alama. Kosa la kwanza ni majina yasiyofanana: cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cha shule matatu, na kitambulisho cha mzazi kimeandikwa kwa tahajia nyingine. Kurekebisha hilo kwa kiapo cha kisheria au kwenye ofisi ya usajili kunaweza kuchukua majuma, kwa hiyo anza miezi sita hadi tisa kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa. Kosa la pili ni uthibitisho wa kipato. Mzazi anayefanya vibarua hana hati ya mshahara, na kuacha nafasi wazi husomeka kama kuficha. Peleka barua ya uongozi wa eneo mnaloishi ikieleza anafanya nini, anahudumia watu wangapi, na wangapi kati yao wanasoma. Kama mzazi amefariki, weka cheti cha kifo. Kama ni mgonjwa au mlemavu, weka hati ya hospitali. Kama hamna mawasiliano naye, tafuta barua ya mtu asiye ndugu anayeijua hali hiyo, mwalimu kwa mfano, au kiongozi wa dini. Usipunguze kipato kwa uongo. Waombaji hukaguliwa, na ukigundulika mwaka wa pili unaweza kudaiwa kila ulichopewa, ukiwa huna chochote.

Akaunti ya benki iwe kwa jina lako, lifanane herufi kwa herufi na lile la udahili. Piga picha ya ukurasa unaothibitisha kuwa maombi yamepokelewa, na utunze kila stakabadhi. Ukikataliwa, soma sababu kisha ukate rufaa ndani ya muda uliowekwa. Rufaa yenye hati mpya husikilizwa. Inayolalamika tu hairudishi kitu. Hali ikibadilika katikati ya masomo, mlezi amefukuzwa kazi au amefariki, omba upimwe upya mara moja, usisubiri mwaka mpya.

Kuhusu mkopo, swali la kwanza ni riba inaanza lini. Ukikopa 100 mwanzoni mwa kila mwaka kwa miaka minne, na riba ya asilimia 8 ikaanza siku ileile na kujilimbikiza, utamaliza ukidaiwa 487. Ikisubiri hadi uhitimu, utadaiwa 400. Swali la pili ni marejesho yanapimwa kwa nini. Mkopo wa kibiashara una rejesho la kila mwezi lisilojali kama una kazi. Mingine hufuata kipato: Australia ilianza mfumo wa aina hiyo mwaka 1989, na Uingereza aliyesoma shahada ya kwanza hukatwa asilimia 9 ya kile kinachozidi kiwango fulani tu. Tanzania aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mkopo unaofuata kipato ni rafiki zaidi wa mtu asiye na ndugu wa kumwokoa akikosa kazi, hata ukionekana mkubwa kwenye karatasi. Wa kuogopa ni ule unaotaka shamba au nyumba ya wazazi kuwa dhamana. Huo nisingemshauri mtu auchukue, hata kwa kozi yenye ajira ya uhakika, kwa sababu ukikwama hupotezi chuo peke yake.

Sasa kalenda, ambayo ndiyo inayovunja watu. Chora mistari miwili kwenye karatasi. Juu weka tarehe za kudaiwa: usajili, awamu za ada, kodi, siku ya mwisho ya kupata kibali cha kufanya mitihani. Chini weka tarehe ambazo pesa itaingia, na kila moja isogeze mbele kwa majuma sita. Mkopo na ufadhili wa muhula wa kwanza huchelewa kwa sababu za kawaida kabisa: chuo hakijatuma orodha ya waliosajiliwa, namba ya akaunti ina kosa, hujasaini fomu ya mapokezi. Na hapo huzaliwa fundo: hupewi pesa mpaka usajiliwe, husajiliwi mpaka ulipe. Fundo hilo hufunguliwa na ofisi ya uhasibu ya chuo, mradi ufike kabla ya siku ya mwisho. Beba barua ya mkopo au ya mfadhili inayotaja kiasi, uombe kusajiliwa kwa ahadi hiyo au kulipa kwa awamu, na utoke na karatasi yenye sahihi na tarehe. Kukubaliwa kwa mdomo na karani mmoja hakumfungi yule utakayemkuta wiki ya mitihani. Uliza pia kama kuna mfuko wa dharura. Vyuo vingi vinao na havitangazi, na njia yake kwa kawaida ni ofisi ya mlezi wa wanafunzi.

Ukiweza kuanza chuo na pesa ya kula ya majuma sita iliyotengwa pembeni, hata kwa kuchangisha ndugu, umepita mahali pagumu zaidi. Pesa ya kujikimu ikiingia kwa mkupuo, toa kwanza kodi na malipo ya chuo, kinachobaki kigawe kwa idadi ya majuma hadi mkupuo ujao, ukiongeza matatu ya kuchelewa. Kama ni majuma 18, gawa kwa 21. Fungu la majuma yajayo liende akaunti isiyo na kadi. Nyumbani nao watakuhitaji, kwa kuwa wanaona sasa unapokea pesa. Amua mwanzoni mwa muhula utatuma kiasi gani, kama utatuma, na uwaambie mapema. Kuombwa kila wiki na kuamua kila wiki kutakumaliza.

Kazi ya muda ni nzuri ikiwa ndani ya chuo: maktaba, maabara, kufundisha wa mwaka wa kwanza. Ikizidi saa 10 hadi 15 kwa wiki, angalia alama zako, hasa kama ufadhili una sharti la wastani. Kazi inayoleta 10 na kukupotezea ruzuku ya 40 ni hasara. Na anayekutaka ulipe ili "kuachilia" ufadhili ulioshinda ni tapeli. Hakuna haja ya kujadiliana naye.

Wanaotazama nje ya nchi wasichanganye "bila ada" na "bila gharama". Vyuo vikuu vya umma vya Ujerumani kwa sehemu kubwa havitozi ada ya shahada ya kwanza, ingawa jimbo la Baden-Württemberg lilianza mwaka 2017 kuwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Hata pasipo na ada, viza hudai uthibitisho wa pesa ya kuishi mwaka mzima, mara nyingi kwenye akaunti iliyozuiwa inayotoa kiasi fulani kila mwezi. Ushauri wa zamani pia umepitwa: Uswidi ilianza kutoza wasio raia wa Umoja huo mwaka 2011, Ufini 2017, Norwei 2023. Kwa upande mwingine, vyuo vya Marekani vya Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hudahili waombaji wa nchi yoyote bila kuangalia uwezo wa kulipa, kisha hufidia upungufu wote uliothibitishwa. Ada inayotajwa huko ni kubwa mno, na bado kwa mtoto wa maskini anayedahiliwa panaweza kuwa na gharama ndogo kuliko chuo cha jirani. Kuingia ndiko kugumu. Omba pia kusamehewa ada ya maombi; fomu ipo.

Ikifika mahali pengo limekushinda, usitoweke. Anayeondoka kimyakimya huandikwa amefeli masomo aliyosajili, ada ya muhula huendelea kudaiwa, na mfadhili hufunga jalada. Nenda uombe kuahirisha masomo kwa barua, kabla ya tarehe ambayo chuo hurudisha sehemu ya ada. Tarehe hiyo imo kwenye kanuni, na kwa kawaida iko mapema katika muhula. Mjulishe mfadhili au mkopeshaji siku hiyohiyo, uulize kama nafasi yako inashikiliwa na kwa muda gani, na kama marejesho yanaanza ukiwa nje. Chukua nakala ya matokeo uliyokwisha kupata kabla deni halijazuia kutolewa kwake. Kisha hesabu upya pengo lilelile la miezi 12, safari hii ukiwa na bei halisi za chuo hicho, na urudi siku utakayokuwa na muhula mzima mkononi, si nusu yake.