Usiuze parseli: barua mbili za watengeneza filamu

Swali: Jambo Mama. Mimi ni msichana wa miaka 27, naishi Katuba hapa Lubumbashi. Kwa miaka miwili nimewafuata wanaume wanaoingiza makala, yaani makaa ya kupikia, mjini kwa baiskeli kupitia barabara ya Kasenga. Filamu imefika dakika 52, montaji, kukata na kuunganisha picha, nimefanya mwenyewe, usiku, umeme ukirudi. Mwezi uliopita kampuni moja yenye jukwaa la filamu kwenye intaneti ilinitumia kontra, yaani mkataba, ya kurasa 9, kwa Kifaransa. Wanatoa dola 800 mara moja, nao wanachukua haki zote, dunia nzima, kwa muda wote wa ulinzi wa kisheria, kwa njia zinazojulikana na zitakazovumbuliwa. Mjomba anasema nisaini. Na rafiki aliyeniazima kamera anasema nusu ya filamu ni yake. Nifanye nini?

Jibu: Jambo sana, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Nitakujibu kwa kirefu kuliko kawaida, kwa kuwa mkono wangu huu uliwahi kusaini karatasi ya namna hiyo.

Kwanza, usisaini jinsi ilivyo.

Wewe ni mtoto wa Lubumbashi, habari ya parseli, kiwanja chenye nyumba, unaijua. Mtu akija kwenu kuomba chumba cha uani, mnamuuliza atakaa muda gani, wako wangapi, garanti, pesa ya dhamana, ataleta ya miezi mingapi. Anaingia, anaishi, siku zake zikiisha anatoka, na parseli inabaki kwa jina la baba. Hakuna anayemkabidhi mpangaji karatasi za parseli. Hiyo kontra inakuomba karatasi za parseli kwa bei ya chumba.

Soma tena yale maneno "kwa muda wote wa ulinzi wa kisheria". Yamekaa kipole, unaweza kuyapita bila kuyaona. Sheria yetu ya haki za mwandishi, ile ya tarehe 5 Aprili 1986, humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Ukiishi hadi 80, wajukuu wako watakuwa wazee na filamu ya makala bado iko kwa watu hao. Waandikie kwa heshima: nawapa miaka 3, kuonyesha kwenye jukwaa lenu tu. Televisheni, matamasha, shule na kumbi zinabaki kwangu. Njia "zitakazovumbuliwa" zifutwe, zikivumbuliwa tutakaa tena tuzungumze. Ongeza na mstari huu, siku hizi unahitajika: picha na sauti za filamu zisitumiwe kufundishia akili mnemba bila idhini yangu ya maandishi. Waandishi wa Hollywood waligoma siku 148 mwaka 2023, na akili mnemba ilikuwa moja ya mambo waliyoyagombania. Wewe huna chama cha kukugomea, una kalamu tu, basi itumie kabla ya kusaini.

Watakuambia hakuna anayepewa masharti hayo. Wapo. Ryan Coogler, mwongozaji wa Kimarekani, alipopeleka filamu yake ya "Sinners" kwa studio ya Warner Bros., alipatana nao kwamba baada ya miaka 25 haki zinarudi kwake. Filamu ilitoka 2025, kwa hiyo mwaka 2050 itakuwa mali yake. Najua yeye ana jina na nguvu ya kudai, mimi na wewe hatuna. Lakini angalia alichokipigania alipokuwa na nguvu hiyo: siku ya kurudi. Zamani mnunuzi alitaka kaseti auze sokoni wiki ile ile. Leo jukwaa linataka rundo la filamu litakalokaa miaka na miaka, na thamani ya filamu yako iko katika hiyo miaka.

Sasa nikueleze yangu. Enzi za kaseti ndogo za video nilitengeneza filamu ya dakika 40 kuhusu mzee mmoja fundi wa kugonga shaba. Nilikaa naye msimu mzima wa ukavu. Alikuwa na nyundo saba, na ndogo kuliko zote aliishika kwa vidole vitatu, kama mtu anayeshika kijiko cha dawa, akigonga jicho la samaki kwenye bamba huku amezuia pumzi. Mikono ile ndiyo iliyokuwa filamu yenyewe. Msambazaji mmoja akanipa dola 300, nikasaini juu ya boneti ya gari karibu na Posta, nikampa na kaseti mama. Sikubaki na nakala, kwa sababu kaseti tupu zilikuwa ghali na mimi nilikuwa na haraka ya kulipa deni.

Baada ya miaka sita mzee akafariki. Watoto wake walikuja kwangu siku ya pili ya matanga, wakakaa kwenye viti vya plastiki, mkubwa akasema: "Mama, tunaomba utuonyeshe mikono ya baba." Nilikwenda kwa yule msambazaji. Kwanza alinitajia bei, dola 500, kwa filamu niliyoitengeneza mwenyewe. Niliporudi na sehemu ya pesa, akasema kaseti ilipata unyevu, imetupwa. Nikarudi matangani mikono mitupu. Wale watoto hawakunilaumu hata kidogo, na ndiyo maana mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo sharti ambalo siku hizi halitoki katika kontra yangu yoyote ni hili: watu niliowapiga picha, na familia zao, wanapewa nakala bure, na nina haki ya kuwaonyesha wakati wowote. Wale wanaume wa baiskeli wamekupa migongo yao na jasho lao kwa miaka miwili. Umewaonyesha filamu? Kama bado, tafuta ukuta na shuka jeupe, uwaonyeshe kabla ya Mfaransa au Mbelgiji yeyote. Na wakisema kipande fulani kinawaaibisha, wasikilize.

Mjomba wako mheshimu. Dola 800 ni pesa, na nyumbani kila mtu anajua mahali pa kuziweka. Ila kaa naye mpige hesabu: 800 kwa miezi 24 ya kazi ni dola 33 na kitu kwa mwezi, bila kutoa mafuta ya pikipiki. Mwambie pesa hiyo ungeipokea kwa miaka 3 ukiwa na furaha. Kwa milele, haitoshi.

Kuhusu rafiki wa kamera: kuazima kamera hakumfanyi mtu kuwa mtunzi, kama vile mwenye sufuria si mpishi. Kama alikuja nawe barabarani, akachagua pembe na mwanga, hapo ni mpigapicha wako, jina lake liandikwe na mpatane asilimia. Kama alikupa begi na chaja tu, mlipe kodi ya kamera. Njia yoyote, andikeni karatasi wiki hii, filamu ikiwa bado haijaingiza kitu. Pesa zikishafika, kila mtu hukumbuka yake.

Jambo jingine ni la jina. Nchi yetu imo katika Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa haki za mwandishi, tangu 1963, na chini ya mkataba huo haki huzaliwa pamoja na kazi, bila kupiga muhuri popote. Hata hivyo weka jina lako na mwaka mwanzoni na mwishoni mwa filamu, na mnunuzi akibadilisha kichwa, kagua tena mwenyewe. Mwaka 1968 huko Marekani, msambazaji alibadilisha kichwa cha filamu ya George Romero kuwa "Night of the Living Dead", na alama ya haki za mwandishi (©) ikadondoka pamoja na kichwa cha zamani. Kwa sheria yao ya wakati ule, filamu ikawa ya watu wote papo hapo. Kila mtu aliinakili na kuiuza. Itangaze kazi yako SOCODA pia, shirika letu la haki za waandishi, ili pawe na tarehe.

Na wakikuletea habari ya kutayarisha filamu ijayo kwa ushirika na nchi za nje, uliza mapema nani mtayarishaji mkuu. Mtengeneza filamu Baloji amezaliwa hapa Lubumbashi, na filamu yake "Augure" ilipigwa hapa na Kinshasa, ikapata zawadi kwenye tamasha la Cannes mwaka 2023. Kugombea Oscar, ilipelekwa na Ubelgiji. Simlaumu mtu, na filamu naipenda sana. Nakuonyesha tu kwamba filamu nayo ina pasipoti, na mara nyingi hufuata iliko kampuni inayoitayarisha.

Niletee hiyo kontra, tuipitie mstari kwa mstari.

Swali: Mama, mtu nisiyemjua amepakia filamu yangu fupi YouTube kwa jina lake. Mimi niko Likasi, wakili sina. (Kijana wa Likasi)

Jibu: Wakili si lazima kwa hatua ya kwanza. YouTube wana fomu ya malalamiko ya haki za mwandishi, na mtu yeyote anaijaza: weka kiungo cha video, eleza kazi ni yako, toa jina lako halisi. Usijaze kwa hasira wala kwa kubahatisha, kwa maana unathibitisha kisheria. Akipinga rasmi, watakupa siku 10 za kazi uonyeshe kwamba umefungua kesi, la sivyo video inaweza kurudi. Kwa hiyo anza kukusanya ushahidi leo: faili la montaji, senario yenye tarehe, na picha ghafi zote, pamoja na zile ulizozikata. Yeye ana dakika zako zilizokamilika tu. Mara tatu ulizorudia mlango uleule, na sauti yako nyuma ya kamera ikisema "tena", ziko kwenye diski yako. Nakili diski hiyo leo, nakala moja umpe dada yako aiweke kwake.