Je, Muislamu anaweza kuingia mahekalu ya Wahindu na Wabudha akiwa safarini?

SWALI: Assalamu alaikum sheikh. Niko Singapore kwa mafunzo ya kazi. Wenzangu wawili wa darasani, mmoja Mhindu na mwengine Mbudha, wamenialika Jumapili tukayaone mahekalu ya Chinatown, mtaa wa Wachina. Sina nia ya kuabudu, nataka kuona tu. Je, napata dhambi? Na nikikataa sitakuwa nimewavunjia heshima?

JIBU: Waalaikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Bila shaka watakupeleka South Bridge Road. Hapo kuna Masjid Jamae, ulioasisiwa 1826 na Waislamu wa Kitamil kutoka India Kusini. Hatua chache tu pana hekalu la Wahindu la Sri Mariamman, la 1827, na mbele kidogo hekalu la Jino la Buddha, lililofunguliwa 2007. Waislamu wa mtaa huo wameishi jirani na hekalu karibu miaka 200, na bado wanaswali.

Wanazuoni wamekhitalifiana juu ya kuingia nyumba za ibada za wasio Waislamu. Wengi wa madhehebu ya Hanafi wameona ni karaha, yaani jambo la kuepukwa. Katika madhehebu ya Shafii wapo walioshurutisha idhini ya wenyewe, na suala la masanamu wakalitilia mkazo. Ibn Qudama, mwanazuoni wa madhehebu ya Hanbali, ameruhusu, akataja kisa hiki: Sayyidna Umar, khalifa wa pili, alipofika Sham (Syria na jirani zake), Wakristo walimwandalia chakula kanisani. Yeye akakataa kwenda, akamwambia Sayyidna Ali awachukue watu wakale. Ali akaingia, akala, akawa anaziangalia picha na kusema: ingekuwaje lau Amirul-Muuminina (yaani Umar) angeingia akala? Mmoja amejizuia, mwengine ameingia, na hakuna aliyemlaumu mwenzake.

Lakini usiipokee ruhusa hiyo kwa pupa. Hapo palikuwa kanisani. Hekaluni sanamu ndiyo yenyewe inayoabudiwa, imevishwa mashada ya maua na kuwashiwa taa. Kwa hiyo naona hivi: kuingia kwa kutaka kujua, kwa idhini yao, pasipo ibada inayoendelea, hakuna dhambi inshaallah. Kuingia kwa kupoteza wakati na kupiga picha za kurusha mtandaoni, ni jambo ninalolichukia. Na siku za sikukuu zao, kama ile ya kutembea juu ya makaa pale Sri Mariamman, usiende kabisa. Sayyidna Umar amekataza kuwaingilia washirikina katika makanisa yao siku ya idi yao.

Mtihani wenyewe utakukuta ndani. Kuhani atapita na sahani ya majivu na unga mwekundu, awapake watu kwenye paji la uso. Rafiki yako atakuegemea akunong'oneze, "pokea tu, ni baraka". Hapo usipokee. Weka mkono kifuani, tabasamu, rudi nyuma. Vivyo hivyo kuwasha udi mbele ya sanamu, kugonga kengele ya mlangoni, kukutanisha viganja na kuinama, au kutia pesa kwenye sanduku la sadaka. Ndizi na vitamutamu vilivyokwisha tolewa kwa sanamu, wako wanazuoni waliolegeza kwa kuwa si nyama ya kuchinjwa, ila mimi nakwambia viache, maana kuvipokea mahali pale ni kushiriki.

Kuvua viatu hakuna tatizo, ni adabu ya kila mwenye nyumba. Wala usicheke wala kukejeli kitu. Allah amesema katika Suratul-An'am, aya ya 108, tusiwatukane wale wanaowaomba badala ya Allah, wasije wakamtukana Allah kwa jeuri bila ya elimu.

Ama heshima ya wenzako, kukataa kistaarabu hakuivunji. Ukihisi moyo hautulii, fuatana nao, ubaki nje. Mnara wa Sri Mariamman umejaa masanamu ya rangi na unaonekana vizuri kutoka barabarani. Wao wakiingia, wewe nenda Jamae ukaswali adhuhuri, mkutane baadaye mle chakula pamoja, cha halali.

Wallahu aalam.