Waifai za bure: ninachoogopa na nisichoogopa

Watu wakiniuliza kuhusu waifai za mgahawani au za stendi swali huwa ni lile lile, eti jamaa aliyekaa meza ya pili na laptopu yake anaweza kuona ninachoandika? Siku hizi ni ngumu, zamani ndio ilikuwa mteremko. Mwaka 2010 ilitoka programu ndogo inaitwa Firesheep, unaiweka kwenye Firefox, unakaa kwenye waifai isiyo na paswedi, unabofya jina la mtu unaingia Facebook yake bila hata kujua paswedi. Baadaye tovuti kubwa zote zikahamia https, yaani maneno yako yanafungwa kabla hayajatoka kwenye simu, na tangu 2018 Chrome yenyewe inakuandikia wazi kwamba tovuti ya http si salama. Kwa hiyo huyo jamaa akichungulia ataona umeingia tovuti gani, ulichoandika huko ndani haoni. Ila brauza ikikuletea lile onyo kwamba muunganisho si salama, usilazimishe kuendelea, hapo funga tu uondoke.

Mimi naogopa jina la waifai, maana hakuna anayelikagua, mtu yeyote anaweka analotaka. Binamu yangu alikuwa haliamini hili, basi siku moja tumekaa tunasubiri chipsi Sinza, nikaingia kwenye setingi za simu yangu, upande wa hotspoti, nikafuta jina nikaandika la waifai ya mgahawa anaoshinda kila mchana huko kazini kwake, ile ya wazi isiyo na paswedi, herufi kwa herufi, na mimi nikatoa paswedi nikaiweka simu mezani. Soda hazijafika simu yake ikajiunga yenyewe, haikumuuliza kitu, yeye anaendelea kuangalia video zake na bando linaloliwa ni langu. Akanitazama kama mchawi. Wala sina utaalamu wowote hapo, simu yake ilikuwa inakumbuka jina, ikaliona, ikaingia.

Na wapo wanaofanya hivyo kwa ubaya kabisa. Mwaka 2024 polisi wa Australia walimshtaki mwanaume mmoja, madai yalikuwa kwamba alikuwa anarusha waifai feki zinazofanana na za halali kwenye viwanja vya ndege vya Perth, Melbourne na Adelaide mpaka ndani ya ndege zikiwa angani. Abiria akijiunga unatokea ukurasa, ingia kwa imeili yako au akaunti yako ya mtandao wa kijamii ndio upate intaneti, anaandika mwenyewe kwa mkono wake na paswedi inaenda kwa jamaa. Hapo https haikusaidii kitu, umempa mwenyewe.

Kwa hiyo huo ukurasa unaotokea mwanzoni ndio wa kuuangalia kwa macho mawili. Ukurasa ukikuomba namba ya chumba hotelini, sawa. Namba ya simu mimi huwa sipendi, maana meseji za matangazo zitakufuata mpaka Idi, lakini si mwisho wa dunia. Ukikuomba paswedi ya imeili, PIN ya kitu chochote au zile namba sita za WhatsApp, toka hapo hapo, hata kama umepambwa na nembo za Google. Na muulize mhudumu, dada waifai yenu inaitwaje? Ukikuta mbili zenye jina moja, kaa nazo mbali zote. Halafu ile paswedi iliyobandikwa ukutani isikupe amani sana, kila aliyekunywa chai pale anayo.

Kutuma pesa mimi natumia menyu, *150*00# kwa wa M-Pesa huku Tanzania, ile inapita kwenye laini yenyewe, mwenye waifai haigusi. Apu za benki nazo zinafunga mawasiliano yake, siwezi kukutisha bure, ila kama bando lipo, zima waifai kwanza ndio ulipe, MB chache tu zinatosha.

VPN, yaani programu inayofunga mawasiliano yako yote na kuyapitisha kwenye kompyuta za kampuni nyingine? Inasaidia, lakini za bure sizigusi, unamkwepa mwenye mgahawa unaenda kumkabidhi kila kitu mtu usiyemjua kabisa, na yeye lazima ale kupitia kitu fulani. Tena kwa walioko Tanzania, TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaotumia VPN watoe taarifa zao kwao, kwa hiyo kabla hujaweka soma kwanza utaratibu.

Cha kufanya leo ukiwa umekaa tu: fungua orodha ya waifai ambazo simu yako imezihifadhi. Utacheka, kuna za hoteli ya harusi ya mwaka juzi, kuna ya basi. Futa zote za wazi, na zile unazobakiza zima kujiunga kiotomatiki. Kwenye laptopu ya Windows ukijiunga sehemu ya watu chagua kwamba mtandao ni wa umma (Public), usichague wa binafsi (Private), la sivyo mafaili uliyoshea yanaweza kuonekana na wenzako wa meza za jirani.