Kabla hujaandika "mjinga": kwa wahariri wanaoanza kazi

Wadogo zangu mnaoingia chumba cha habari mwaka huu, nataka niwaeleze habari ya neno moja lililonitoa machozi nilipokuwa mgeni wa kazi kama ninyi. Neno lenyewe ni mjinga.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa na mgogoro wa kiwanja. Alimwambia mwandishi wetu: "Mimi ni mjinga wa karatasi hizi, nilitia dole gumba pale nilipoonyeshwa." Habari ilikuwa ndefu na nafasi haikutosha, nikaifupisha: mzee amekiri kwamba alitia dole gumba kwa upumbavu wake. Kesho yake mwanawe alifika ofisini, gazeti mkononi. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Baba amesema hivi?" Nikalifungua daftari la mwandishi. Hakuwa amesema hivyo. Tulichapa masahihisho, lakini masahihisho hukaa ukurasa wa ndani kwa herufi ndogo, na majirani walikwisha kusoma.

Mzee hakujitukana. Anayesema yeye ni mjinga wa jambo fulani anakuonyesha mahali elimu yake ilipokomea, basi. Mvuvi huyo huyo angeweza kukueleza kusi na kaskazi mpaka ukachoka. Lile "wa" dogo ndilo linaloweka mpaka. Ukilifuta, umemshushia mtu mzima hukumu ya maisha. Mpumbavu ni neno jingine kabisa. Lina undugu na kupumbaa, nalo humlaumu mtu akili yake yenyewe.

Mmisionari Mwingereza Edward Steere, katika kitabu chake cha 1870 kuhusu Kiswahili cha Unguja, alieleza kuwa mjinga ni mtu aliyefika karibuni, asiyezoea mambo, na hasa mtumwa mpya. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado wazi, lilifungwa 1873. Mtumwa aliyezaliwa pwani aliitwa mzalia. Aliyeshushwa jana, lugha haijui, vichochoro havijui, huyo ndiye mjinga. Moyo huniuma nikilifikiria hilo. Mtu huenda alikuwa mkulima hodari au mhunzi kwao, akahesabiwa hajui kitu kwa sababu tu ameng'olewa alikokuwa akijua kila kitu. Kwa hiyo mkikutana na neno hili katika barua au mashairi ya zamani, msikimbilie maana ya leo.

Maana ile ya kutofundishwa haijafa. Baada ya uhuru Tanganyika ilitangaza vita dhidi ya ujinga, maradhi na umaskini, na Mwalimu Nyerere akaufanya 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu waliingia madarasa ya kufuta ujinga bila kuona wametukanwa, maana ujinga unafutika.

Mtaani, hata hivyo, neno limechacha. Iondoe ile m- useme "jinga wewe" uone kama hampigani. Na "swali la kijinga" halina upole wowote ndani yake. Ndiyo maana nawasihi: kwa kauli yenu wenyewe, msimwite hivyo mtu asiyezoea. Andikeni mgeni wa kazi, au hajazoea, au bado mchanga. Limbukeni msiliguse ovyo. Huyo ni mtu aliyepata kitu kwa mara ya kwanza akashindwa kujizuia kujionyesha. Mtoto mdogo tunasema hajui hili wala lile. Siku hizi kila mtoto aliyeumia huandikwa "asiye na hatia", nami hulikata kila ninapolikuta. Hatia ina mahali pake mahakamani. Nani alimshtaki mtoto?

Lakini msemaji akijiita mwenyewe mjinga wa kitu, mwacheni aseme, ndani ya alama za kunukuu, neno kwa neno. Mkiwa na shaka, mpigieni simu mmsomee sentensi yake kabla ukurasa haujaenda kiwandani. Ni dakika mbili. Yule mzee hakuwa na simu, lakini mwanawe alikuwa nayo, na namba yake ilikuwa imeandikwa juu ya ukurasa ule ule wa daftari.