Maswali ya Wasomaji: Vitonge vya Tende na Korosho Visivyopikwa

Tumepokea barua nyingi kuhusu vitonge vya tende na korosho ambavyo hufinyangwa kwa mkono bila kupita motoni. Kwa faida ya msomaji anayeanza nasi leo, kipimo tunachokirejea katika majibu yote ni hiki: gramu 200 za tende zilizotolewa kokwa, gramu 150 za korosho au lozi, gramu 50 za oti na chumvi kidogo kwa ncha za vidole. Vyote husagwa pamoja na kufinyangwa kuwa vitonge 20, kila kimoja kikiwa na uzito wa gramu 20 hivi.

Nimejaribu mara tatu na mara zote mchanganyiko umenimomonyokea mkononi kama mchanga. Mara ya mwisho nilisaga kwa muda mrefu zaidi nikidhani utalainika, lakini ulitoa mafuta, ukang'aa, na bado haukushikamana. Blenda yangu ni ndogo na ilianza kunuka moto. Nakosea wapi?
Msomaji aliyekaribia kukata tamaa

Ndugu msomaji, umekosea mahali pawili, na kosa la pili lilizaliwa na jitihada ya kurekebisha la kwanza. Kinachoshikamanisha vitonge hivi ni tende peke yake, kwa sababu sukari yake ikichanganyika na maji kidogo yaliyomo ndani yake huwa na mnato kama wa gundi. Tende iliyokaa muda mrefu dukani au kabatini hupoteza maji hayo na kuwa ngumu, na ikisagwa hutoa chembechembe badala ya rojo zito. Kabla ya kuanza, bonyeza tende moja kwa kidole gumba. Ikiwa haibonyei, ziloweke zote katika maji ya moto kwa dakika kumi, zichuje vizuri, kisha yaweke pembeni maji uliyolowekea. Hayo ndiyo utakayotumia baadaye, kijiko kimoja cha chai kwa wakati, iwapo mchanganyiko bado utakuwa mkavu. Wengi humimina maji ya bomba kwa makadirio ya macho, na hapo ndipo kitonge kinapogeuka uji.

Kosa la pili ni kusaga korosho kupita kiasi. Karibu nusu ya uzito wa korosho ni mafuta, na visu vikizunguka kwa muda mrefu hupasua chembe zake na kuyatoa mafuta hayo nje. Yakishatoka, hufunika vipande vya tende na kuvizuia visigusane, ndiyo maana mchanganyiko wako uling'aa lakini ukakataa kushikamana. Saga korosho na oti kwanza, kwa mizunguko mifupi, mpaka zifanane na mchanga mnene wenye punje za hapa na pale, halafu uzitoe. Kisha saga tende peke yake mpaka ziwe donge moja, na mwishowe rudisha korosho na uunganishe kwa muda mfupi tu, au ukande kwa mkono. Mimi hupendelea mkono, kwa kuwa vidole hutambua unyevu mapema kuliko macho. Chukua kiasi cha kijiko na ukibane kiganjani: kikishikamana na kuacha alama za vidole bila kukuachia utelezi, umefika. Kikiwa kimelowa mno, ongeza kijiko kikubwa cha oti na usubiri robo saa kabla ya kuongeza kingine, kwa sababu oti hunyonya maji polepole na anayekosa subira huishia na kitonge kikavu kama mbao.

Kuhusu blenda, jagi refu jembamba limeundwa kwa ajili ya vinywaji. Tende hugandamana kando na visu vikabaki vikizunguka patupu huku mota ikipata joto. Gawa tende katika mafungu matatu au manne na uipumzishe mashine kila baada ya fungu moja. Mwenye kinu na mchi hana haja ya blenda hata kidogo, na mwenye mashine ya kusagia nyama, ile ya kuzungusha kwa mkono, ana chombo bora kuliko vyote viwili, ilimradi aioshe kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kuitumia.

Nilifuata kipimo chenu ila niliongeza ndizi mbivu moja ili kupunguza tende. Niliviweka vitonge kwenye kopo lenye mfuniko juu ya meza, na siku ya nne nikaona utandu wa kijivu kwenye viwili. Je, naweza kuvitoa hivyo viwili na kula vilivyobaki?
Mpenzi wa ndizi

Hapana, tupa kopo zima. Utandu unaouona ni sehemu ya juu tu ya ukungu. Nyuzi zake hupenya ndani ya chakula laini bila kuonekana, na vitonge vilivyokaa katika kopo moja vimegusana na kupeana mbegu zake.

Chanzo ni ndizi yako. Robo tatu ya ndizi mbivu ni maji, ilhali katika tende laini maji ni kama sehemu moja tu ya tano, tena yameshikiliwa na sukari kiasi kwamba vijidudu hupata tabu kuyatumia. Matunda makavu hudumu kwa sababu hiyo hiyo, si kwa sababu yana dawa ya siri. Unapotia tunda bichi, juisi au maziwa, umekifanya kitonge kuwa chakula kibichi, na lazima ukitunze hivyo: katika jokofu, kwa siku mbili au tatu, au katika friza. Vitonge vya tende na korosho peke yake hukaa nje siku chache mahali pakavu penye ubaridi, kama wiki mbili katika jokofu, na miezi mitatu hivi katika friza bila ladha kuharibika. Uliyelowesha tende zako, usivilaze juu ya meza. Peleka jokofuni moja kwa moja.

Nigusie jambo lililoulizwa na wasomaji wengine wawili, nalo ni unga wa ngano kama mbadala wa oti. Usiutumie. Unga wa ngano ni chakula kibichi ambacho kinaweza kubeba vijidudu kama salmonela, na katika pishi lisilo na moto hakuna hatua ya kuviua. Oti bapa huwa zimepitishwa kwenye mvuke kiwandani, kwa hiyo jambo lake ni tofauti. Kwa sababu hiyo hiyo ya kukosa moto, mikono na vyombo vioshwe kwa uangalifu kuliko ambavyo ungefanya kwa chakula kinachokwenda jikoni.

Nina umri wa miaka 68 na nina kisukari cha aina ya pili. Mke wangu huniandalia vitonge hivi akisema havina sukari kwa kuwa hakutia hata kijiko kimoja. Mimi nina wasiwasi. Nani kati yetu yuko sahihi?
Mzee mwenye wasiwasi

Shikamoo, mzee wangu. Wasiwasi wako una msingi, ingawa mama naye hajakosea kabisa. Gramu 200 za tende zina takriban gramu 130 za sukari yake ya asili. Zikigawanywa katika vitonge 20, kila kitonge kinakuwa na gramu 6 na nusu hivi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unaotaka sukari ipunguzwe hauhesabu sukari iliyomo ndani ya tunda zima, bali huhesabu ile inayoongezwa pamoja na asali na juisi. Kwa maana hiyo, kitonge cha tende ni tofauti na kitonge kilichokolezwa asali, ambayo watu wengi huiongeza kwa dhana kwamba haihesabiki. Lakini mwongozo huo umeandikwa kwa ajili ya watu wote kwa ujumla. Damu yako wewe hupokea glukosi ya tende iwe imeongezwa au haikuongezwa.

Linalokusaidia ni kwamba nyuzilishe za tende na mafuta ya korosho hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, na kwamba kiasi kinaweza kupimwa. Kula kitonge kimoja, pima sukari saa mbili baadaye, uandike matokeo na umwonyeshe daktari wako, ambaye anazijua dawa zako. Unaweza pia kumwomba mama apunguze tende hadi gramu 150 na kuongeza korosho. Ila usivitumie vitonge hivi kama tiba ya sukari iliyoshuka ghafla: mafuta yale yale yanayokufaa siku nyingine huchelewesha sukari wakati unapoihitaji upesi.

Na kwa kuwa tumefika kwenye hesabu, naomba niseme neno kuhusu jina hili la vitafunwa vya nishati. Nishati maana yake ni kalori. Kipimo chetu kizima kina karibu kalori 1,580, yaani kama 80 kwa kila kitonge, na zaidi ya nusu yake hutoka kwenye korosho, si kwenye tende. Protini ni gramu 2 tu hivi kwa kitonge. Anayetoka kukimbia au anayekawia kupata mlo atafaidika navyo; anayekula sita huku akiangalia televisheni amekula mlo kamili bila kujua.

Nina mtoto wa miezi kumi na mwingine wa miaka minne. Je, naweza kuwapa? Na huyu mkubwa ana mwenzake shuleni ambaye hapatani na karanga. Nitumie nini badala yake?
Mama wa wawili

Mama, mdogo bado hajafikia umri wake. Kitonge kinachonata ni rahisi kumkaba, na kikiwa na asali hakifai kabisa, kwa kuwa asali inaweza kubeba mbegu za kijidudu kiitwacho Clostridium botulinum, ambazo utumbo wa mtoto aliye chini ya miezi 12 hauwezi kuzidhibiti. Kuichemsha asali nyumbani hakuziui.

Huyu wa miaka minne apewe, lakini korosho zisagwe ziwe laini bila punje, kwa sababu korosho au karanga nzima haifai kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano. Usikifinyange kuwa duara pia. Kibonyeze kiwe bapa, ukate vipande vidogo, naye ale akiwa ameketi.

Kwa ajili ya shule, badilisha korosho na mbegu za alizeti au za maboga kwa uzito ule ule, baada ya kuuliza kanuni za shule yenyewe. Ufuta ni mwepesi kupatikana, lakini nao huwadhuru baadhi ya watu. Marekani imeulazimisha kutajwa kwenye vifungashio kama kizio kikuu cha tisa, yaani chakula kinacholeta mzio, tangu tarehe 1 Januari 2023. Karanga kwa asili yake ni jamii ya kunde, wakati korosho na lozi huota mitini, na kuna asiyepatana na moja akala nyingine salama. Hilo ni la daktari wa mtoto yule kuamua, si la kujaribiwa na mama wa mwenzake. Kumbuka pia kwamba mashine iliyosaga karanga jana huacha mabaki chini ya visu.

Karanga zangu zina ladha chungu kidogo na baadhi zimesinyaa. Nikizikaanga upya zitafaa?
Msomaji mbana matumizi

Hazitafaa. Uchungu huo kwa kawaida ni wa mafuta yaliyochacha kwa kukutana na hewa, nao moto hauurudishi nyuma. Zilizosinyaa, kubadilika rangi au kuota ukungu ni hatari zaidi, kwa sababu zinaweza kuwa na sumukuvu iitwayo aflatoksini, ambayo kukaanga nyumbani hakuimalizi. Zitupe, na zile zijazo uzihifadhi katika chombo kisichopitisha hewa, ndani ya jokofu.

Vitonge vyangu vizuri nyumbani, lakini nikisafiri navyo juani hulegea na kugeuka tope. Natumia mafuta ya nazi kuvishikamanisha.
Msafiri

Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 au 25 hivi, kwa hiyo kilichokuwa kigumu jokofuni hakiwezi kustahimili mfuko wa safari. Yaondoe, pamoja na chokoleti kama umeipaka, uiachie tende kazi ya kushikamanisha. Viviringishe vitonge kwenye ufuta uliokaangwa au oti zilizosagwa ili visigandamane, funga kila kimoja katika karatasi yake, na uviweke katikati ya begi badala ya mfuko wa nje unaopigwa na jua.