Mashine Inafanya Kazi. Gesi Italetwa na Nani?

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Arusha alinitumia ujumbe mrefu ulioanza na "Shikamoo kaka" na kuishia na picha kadhaa: banda la Nanenane, meza yenye kitambaa cha kijani, fueli seli ndogo inayowasha runinga, na mheshimiwa mmoja ameinama kuchungulia tone la maji linalotoka nyuma ya mashine. Swali lake lilikuwa hili: "Teknolojia tumeshaithibitisha kaka, sasa mwekezaji nampata wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu ujumbe kama wako huwa naupata kila baada ya Sabasaba na Nanenane. Na, nisikufiche, kwa sababu mwezi uliopita sisi, tunaolisha minara ya simu kwa umeme wa fueli seli, tumesaini mkataba wetu wa kwanza wa biashara. Pesa ya mteja, si ya mfadhili. Nimeingoja siku hiyo muda mrefu, kwa hiyo mnivumilie nikijisifu kidogo.

Kwa wanaopita tu: fueli seli ni mashine inayokutanisha haidrojeni na oksijeni ya hewani kupitia utando mwembamba wenye platinamu, ikatoa umeme, joto na maji. Haina pistoni na haina mlio wa jenereta. Kitu chenyewe ni cha zamani; William Grove wa Wales alikionyesha mwaka 1839, na vyombo vya Apollo vilivyokwenda mwezini vilipata umeme kwa njia hiyo. Kwa hiyo ukisema "tumethibitisha kwamba inafanya kazi", umemthibitishia nani?

Mimi nilianza kama fundi wa minara ya simu. Kazi yetu ilikuwa kubadilisha filta za jenereta, kupima dizeli kwa kijiti, na kubishana na walinzi kuhusu dizeli iliyopungua usiku. Siku moja mradi wa majaribio ukatua kwenye mnara mmoja milimani huko Makete. Wageni, kofia ngumu, gari la kukodi, na kabati moja jeupe la fueli seli lililokaa kimya kama friji. Nililipenda siku hiyohiyo. Mnara hutumia umeme wa volti 48 wa mkondo mnyoofu (DC), na fueli seli hutoa mkondo huohuo, kwa hiyo hata kuunganisha hakukuwa na shida. Wageni waliniachia ufunguo, nikawa mlezi wake.

Kabati halikuwahi kunisumbua. Kilichonisumbua ni mitungi. Gesi ya haidrojeni ilitoka Dar es Salaam, kwenye mitungi ya chuma ya lita 50, ikasafiri kupitia Morogoro, Iringa na Makambako, halafu ikapanda ile njia ya udongo ya mwisho mabegani mwa vijana wa kijijini, kwa sababu lori halikufika. Mvua za Februari zilipokolea, lori halikufika hata nusu ya hiyo njia. Jenereta tuliyokuwa tumeistaafisha kwa hotuba ikawashwa tena, ikanguruma, na mnara ukaendelea kuhudumia watu ambao hawakujua kilichotokea.

Baadaye ripoti ikatoka, karatasi ya kung'aa, ikasema mradi umefanikiwa. Kwa walichopima, kweli ulifanikiwa: walipima mashine. Lori hakulipima mtu. Picha ya jalada ni mikono yangu nikikaza vali ya mtungi. Jina langu halimo popote. Nimeshasamehe, ingawa mke wangu husema mtu aliyesamehe hatunzi nakala ya ripoti kwenye droo ya kitandani.

Sasa hesabu, na hii uifanye mwenyewe kwa mkono kabla ya kumtafuta mwekezaji. Mtungi wa lita 50 uliojazwa kwa shinikizo la ba 200, yaani takriban mara 200 ya shinikizo la hewa ya kawaida, hubeba robo tatu tu ya kilo ya haidrojeni. Mtungi wenyewe una uzito wa kilo 60 hivi. Kilo moja ya haidrojeni ina nishati ya uniti 33, lakini fueli seli hukurudishia takriban nusu. Kwa hiyo mtungi mzima unakupa uniti 12 za umeme. Mnara unaokula kilowati mbili utaumaliza kwa saa sita. Na jenereta ya kawaida ingetoa hizo uniti 12 kwa lita nne za dizeli, kidumu ambacho mtoto anakibeba huku akiimba.

Ukiijua hesabu hiyo, unaelewa kwa nini nakwambia anza na gesi. Usianze na mashine.

Usidhani ni umaskini wetu. Whistler, kule Kanada, walinunua mabasi 20 ya haidrojeni kwa ajili ya Olimpiki ya majira ya baridi ya 2010. Mabasi mazuri, yalibeba watu kwa miaka. Haidrojeni yake ilisafirishwa kwa malori kutoka Quebec, upande wa pili wa nchi, zaidi ya kilomita 4,000. Mwaka 2014 yakaegeshwa. Montpellier, Ufaransa, walishtuka mapema: Januari 2022 walifuta mpango wa mabasi 51 baada ya kupiga hesabu kwamba kila kilomita ingegharimu senti 95 za yuro kwa haidrojeni, na senti 15 kwa umeme wa betri. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeangushwa na utando wala platinamu.

Walioingia sokoni kweli ni wale ambao hawapigi picha nzuri. Foklifti za maghala Marekani, vile vigari vya kunyanyulia mizigo, kwa mfano. Zipo makumi ya maelfu, kwenye maghala ya kampuni kama Walmart na Amazon, na hakuna anayeziandikia mashairi. Kwa nini zilikubalika? Ghala linafanya kazi shifti tatu. Betri za madini ya risasi zinataka chumba cha kuchajia, zinataka kubadilishwa, na kwenye vyumba vya barafu zinachoka haraka. Foklifti ya haidrojeni inajazwa kwa dakika tatu hivi, na zote zinarudi kwenye pampu ileile moja, ndani ya uzio uleule. Lori la gesi lina anwani moja tu. Msamaha wa kodi wa serikali nao ulisaidia, tusijidanganye. Japani nako, tangu mwaka 2009, zimeuzwa fueli seli za nyumbani ziitwazo Ene-Farm, zaidi ya laki nne. Zinatumia gesi ya bomba iliyokuwa tayari imefika jikoni, na wauzaji ni kampuni za gesi ambazo tayari zilikuwa na mteja, fundi na ankara ya kila mwezi. Gesi ilitangulia miaka mingi kabla ya mashine.

Ndiyo maana tulipoanza upya, mimi na wenzangu wawili tuliotoka kwenye dizeli, tuliachana na mitungi. Tunatumia methanoli, kimiminika jamii ya spiriti, iliyochanganywa na maji, asilimia 62 kwa 38 kwa uzito. Mashine yenyewe inaivunja ndani kwa joto, inachuja haidrojeni, inaitumia palepale. Lita moja inatupa takriban uniti moja. Pipa la lita 200 linalisha mnara wa kilowati mbili kwa siku nne, na vijana wanaliviringisha hadi juu. Kwa mitungi, kazi hiyohiyo ingetaka kupandisha tani nzima ya chuma.

Najua wapenzi wa "haidrojeni ya kijani", ile inayotengenezwa bila kutoa kaboni, watanirukia hapa. Methanoli nyingi ya leo inatokana na gesi asilia na inatoa kaboni, sikatai. Nikipata ya kijani kwa bei ambayo mteja anaimudu, nitahamia kesho yake asubuhi.

Methanoli nayo ina balaa lake, na hili hakuna atakayekwambia kwenye semina. Inanukia kama pombe. Mwezi Mei 2014 Kenya ilizika makumi ya watu, Embu, Kitui na kwingineko, kwa pombe iliyotiwa methanoli. Kiasi kidogo tu kinapofusha. Wewe unapeleka mapipa yake kwenye kilima chenye baridi, penye mlinzi mmoja. Kwa hiyo kabla ya pipa la kwanza tulikaa na mwenyekiti wa kijiji, tukakaa na kina mama wanaouza pombe za kienyeji, ulanzi na komoni, tukaonyesha rangi tuliyoitia na kufuli tuliloliweka, tukawaeleza pia kwamba moto wake mchana hauonekani. Kikao kilikuwa kirefu kuliko kikao chochote cha wawekezaji nilichowahi kukaa. Vibali ni kazi nyingine: kemikali inataka usajili kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na Zimamoto wana yao. Sitawachosha na makaratasi.

Mteja wetu alichonunua si mashine. Mashine ni yetu, mafuta ni yetu, fundi ni wetu. Yeye analipia uniti zilizotoka na saa ambazo mnara haukuzima, na ukizima tunakatwa. Kwenye meza ile hakuna aliyeniuliza fueli seli inafanyaje kazi. Mhasibu wao aliuliza pipa linafika lini Machi, na nani anapokea simu saa nane usiku. Nilikuwa na majibu yote mawili, na moyoni nilimkumbuka bwana mmoja wa mradi ule wa zamani aliyewahi kuniambia niwaachie wataalamu.

Na tunakwenda kwenye kilima kinachotufaa tu. Hapa vijana hawapendi kunisikia. Betri za lithiamu zilikuwa zaidi ya dola 700 kwa kila uniti ya uwezo wa kuhifadhi mwaka 2013; mwaka 2023 wastani wa dunia ukafika dola 139. Dodoma au Singida, penye jua la kutosha, sola na lithiamu zitakupiga, na ukijitia kiburi zitakufilisi. Tunashinda penye ukungu wa wiki nzima, eneo finyu lisilotosha paneli, na dizeli inayofyonzwa usiku. Mapipa yetu hakuna anayeyaiba ayauzie lori. Minara ya hivyo si mingi. Tunaijua mmojammoja.

Sasa nisikilizeni, ninyi mnaohama na mashine yenu kutoka shindano hadi shindano. Cheti cha mshindi hakijazi mtungi. Mfadhili anataka ripoti, mteja anataka umeme, na ukizoea kumpendeza wa kwanza utasahau wa pili anafananaje. Nimewaona wenye akili kunizidi mara kumi, wamezeeka kwenye mabanda ya maonyesho, kila mwaka utepe mpya, kila mwaka "awamu ya pili". Gesi ni ya nani? Inapitia njia ipi? Ikichelewa nani analia? Mtu asiyeweza kunijibu hayo hana biashara, ana mradi wa sayansi wa shule. Nasema kwa ukali kwa sababu mimi hakuna aliyenikalia chini akaniambia.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Arusha, mwekezaji mwache kwanza. Tafuta mtu mmoja mwenye bili ya dizeli inayomuuma, hoteli ya mbugani, zahanati, shamba la maua, akuonyeshe risiti za mwaka mzima zikiwemo za miezi ya mvua. Halafu nenda kwa muuza gesi ukaulize bei ya kufikishiwa pale, siyo bei ya dirishani kwake. Toa gharama hiyo kwenye bili ya dizeli. Kikibaki kitu, nipigie, mchana au usiku.

Na kuhusu lile shindano la Nairobi ulilouliza mwishoni: kama wanalipa nauli na malazi, nenda. Ila runinga iache nyumbani, wameshaziona nyingi. Chukua basi la mapema ushuke Naivasha, kuna shamba la Morendat waliowekewa mtambo wa kutengeneza amonia kwa umeme wa jua, mbolea inatoka na kutumika shambani hapohapo. Omba kuonana na mtu wa stoo.