Mtoto Anayeshika Simu ya Mama

Nafundisha kompyuta sekondari hapa Mwanza. Wazazi wakija shuleni huniuliza: mwalimu, nimnyime simu mpaka amalize kidato cha nne? Huwa nawajibu kwamba simu anayo tayari, ni ile ya kwako. Wewe ukiwa jikoni, yeye anatafuta majibu ya kazi ya nyumbani, na bando likibaki anahamia TikTok.

Kwa familia za biashara jambo hili lina uzito zaidi. Baadhi ya wanafunzi wangu ni watoto wa akina mama wanaouza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mama anapima mzigo, meseji inaingia, anayeisoma ni mtoto. Ndiye anayewajibu wateja WhatsApp. Ndiyo maana somo langu la kwanza huanzia kwenye pesa.

Naandika ubaoni: "Samahani mdogo wangu, nimekosea nikaweka namba yako, naomba unitumie zile tarakimu sita zilizoingia." Kisha nauliza nani angezituma. Mikono mingi inanyooshwa, wala siwalaumu, maana tumewalea wamsaidie mkubwa anayeomba kwa adabu. Nawaeleza kwamba tarakimu hizo hutumwa pale mtu anapotaka kufungua WhatsApp ya mama kwenye simu nyingine. Ukimpa, anaingia, mama anatolewa, na wateja wa dagaa wanaanza kuombwa hela kwa jina lake. Kazi ya nyumbani siku hiyo ni kukaa na mama, kuingia kwenye mipangilio ya akaunti ya WhatsApp na kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili, yaani namba ya siri inayoulizwa juu ya zile tarakimu sita. Namba hiyo anachagua mama mwenyewe. Na zile meseji za "hela tuma kwenye namba hii" zipelekwe 15040, namba ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Msimu wa mitihani nao una matapeli wake. Wanauza "pepa", eti mtihani uliovuja, Telegram, mtoto anatuma nauli yake ya wiki, anapata karatasi ya kubuni au anazuiwa kabisa. Hili naomba wazazi mliseme nyumbani kabla ya Novemba, kwa sababu mtoto aliyeibiwa hivyo hathubutu kusema.

Picha je? Picha ya sare yenye nembo ya shule, ukiwa kituo cha daladala, inamwambia mtu usiyemjua unasoma wapi na unapita wapi. Subiri ufike nyumbani, na nembo isionekane. TikTok na Instagram zenyewe zinataka mtumiaji awe ametimiza miaka 13, kwa hiyo wa darasa la nne hana haja ya akaunti. Kwenye magrupu ya darasa nawakumbusha kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa pia matusi na vitisho.

Lakini ninachowasihi wazazi zaidi ya yote ni hiki: siku mtoto anapokuja kukuambia kuna mtu anamtumia mambo ya ajabu, usimnyang'anye simu, usimchape. Ukifanya hivyo, safari ijayo atanyamaza, na mtu yule anategemea ukimya huo. Mshukuru kwanza. Kama anatishiwa kwa picha zake, msitume hela, msifute meseji, wala picha yenyewe msimtumie mtu mwingine. Pigeni 116, huduma ya simu kwa mtoto, ni bure, au nendeni dawati la jinsia na watoto polisi. Mpeleke wewe mwenyewe, ukae naye wakati anaeleza.